Oksijeni na Jicho la Muuguzi



Ukizitembelea nyumba za wazee wetu hapa Maskati siku hizi, iwe Al Khoud, Al Hail au Wadi Kabir, si ajabu kusikia mngurumo mdogo ukitoka chumbani kwa mgonjwa. Si friji wala si kiyoyozi. Ni mashine ya oksijeni, na kutoka kwake mrija mwembamba unakwenda hadi puani kwa bibi au babu aliyekaa kitandani kaegemea mito. Zamani kitu hicho kilikuwa cha hospitali peke yake, na aliyekisimamia alikuwa muuguzi aliyesomea kazi. Leo kimo majumbani mwetu, na msimamizi wake ni binti, mkwe, au mtumishi wa nyumbani ambaye pengine hakuonyeshwa zaidi ya kitufe cha kuwashia.

Makala haya ni ya historia. Nataka kueleza jinsi gesi hii ilivyomfikia mgonjwa, na jinsi uuguzi ulivyokuja nyuma yake, mara nyingi kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa. Mimi ni mhandisi, si tabibu. Nilisomeshwa ng'ambo kuhesabu mgandamizo wa gesi na mtiririko wake ndani ya mabomba. Lakini kila nikiifuata historia hii naona bomba ndilo sehemu nyepesi. Kazi ngumu huanza pale bomba linapoishia.

Oksijeni ilijulikana karne ya 18. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden na Joseph Priestley wa Uingereza waliipata kila mmoja kwa njia yake, Priestley mwaka 1774, kisha Mfaransa Antoine Lavoisier akaipa jina. Haikuchukua muda watu wakaanza kuitafutia kazi ya tiba. Mwaka 1799 daktari Thomas Beddoes alifungua mjini Bristol taasisi ya kutibu maradhi kwa kuvuta gesi mbalimbali. Walikuja wagonjwa wengi wenye maradhi mengi, lakini hapakuwa na kipimo cha kujua nani anahitaji oksijeni, kiasi gani, na lini imetosha. Taasisi haikudumu.

Gesi ilikuja kuwa nyingi kwa sababu ya viwanda. Mjerumani Carl von Linde aliweza mwaka 1895 kuigeuza hewa kuwa maji kwa kuipoza sana, na mwaka 1902 akaitenga oksijeni kutoka humo. Tangu hapo mitungi ikajaa karakana, kwa ajili ya kuchomelea vyuma, na hospitali nazo zikapata fungu lao. Namna ya kumpa mgonjwa ilikuwa duni. Mpira uliunganishwa na faneli, faneli ikashikwa karibu na uso, na sehemu kubwa ya gesi ikapotelea chumbani. Mgonjwa alipata kidogo sana, na watu wakasema oksijeni haifai kitu.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni John Scott Haldane, mtaalamu wa mambo ya pumzi kutoka Uskoti. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari walikuwa wakivuta gesi za sumu na kuletwa wakihangaika kwa kukosa pumzi. Haldane alitengeneza chombo chenye barakoa na mfuko, kilichoweza kumpa mgonjwa kiasi kinachojulikana, na mwaka 1917 akaandika kueleza tiba hiyo. Oksijeni ikawa dawa yenye kipimo, mfano wa kwinini au aspirini. Na dawa yenye kipimo inamhitaji mtu wa kuitoa kwa kipimo, usiku na mchana. Mtu huyo ni muuguzi.

Waswahili husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani na za nchi nyingine tajiri zilianza kuwalaza watoto njiti ndani ya vitanda vya vioo na kuwapa oksijeni kwa wingi. Nia ilikuwa njema, na watoto waligeuka rangi ya waridi mbele ya macho ya wauguzi. Lakini mwaka 1942 ulielezwa ugonjwa mpya wa macho kwa watoto hao, na kabla ya sababu yake kujulikana, watoto takriban 10,000 duniani walikuwa wameshapofuka. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne alionyesha kuwa waliopewa oksijeni nyingi ndio waliopofuka zaidi. Mjini Washington daktari Arnall Patz alifanya jaribio, kundi moja la watoto wapate oksijeni nyingi na jingine kidogo. Baadhi ya wauguzi wa usiku waliamini kuwa kumpunguzia mtoto oksijeni ni kumuua, basi madaktari walipoondoka waliifungulia tena kwa siri.

Siwezi kuwalaumu wauguzi wale. Walikuwa na huruma na walikuwa na macho, ila hawakuwa na kipimo, na hakuna aliyewaeleza wakaelewa. Jaribio kubwa la hospitali 18 lililofanywa 1953 na 1954 lilimaliza ubishi, na oksijeni ikabanwa kila mahali. Ikabanwa kupita kiasi. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1973 ulikadiria kuwa kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, wengine kama 16 walikufa kwa kukosa oksijeni. Kwanza walizidishiwa, kisha wakapunjwa, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kujua mtoto huyu, usiku huu, anahitaji ngapi.

Kwa watu wazima lilitokea jambo linalofanana na hilo. Mtu aliyeharibika mapafu kwa miaka mingi, kwa sigara au kwa moshi wa kuni, akipewa oksijeni nyingi huweza kusinzia, kuchanganyikiwa, hata kuzimia, kwa sababu hewa ya ukaa inajikusanya katika damu yake. Mwaka 1960 daktari Moran Campbell wa London alitoa barakoa ya kuwasaidia watu hao. Gesi inapita kwenye tundu dogo kwa kasi, na ile kasi inavuta hewa ya kawaida kwa kiasi maalumu, hivyo mgonjwa anapata mchanganyiko usiobadilika hata akihema haraka. Hakuna umeme wala chombo kinachozunguka. Kwa mhandisi ni kitu cha kupendeza kukitazama. Lakini barakoa hiyo nayo, ukichagua rangi isiyo yake au ukaweka mtiririko usiolingana na maandishi yaliyo juu yake, inatoa kipimo kingine kabisa.

Kipimo kilichokuwa kikikosekana miaka yote hiyo kilitoka Japani. Takuo Aoyagi, mhandisi wa vifaa vya hospitali, aligundua katika miaka ya mwanzo ya 1970 njia ya kusoma oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga kidoleni na kufuata mapigo ya mshipa. Ndicho kibanio cha kidoleni ambacho leo karibu kila mtu hapa anakijua.

Sasa turudi kwetu Oman. Kabla ya 1970 tiba ya kisasa katika mji huu ilikuwa zaidi mikononi mwa Misheni ya Wamarekani. Daktari Sharon Thoms alifika 1909, akafariki Januari 1913 baada ya kuanguka kutoka kwenye nguzo alipokuwa akifunga waya wa simu. Naikumbuka habari hiyo kila ninapopita barabara ya Matrah, kwa maana inaonyesha nchi ilivyokuwa, daktari anapanda nguzo mwenyewe kwa sababu fundi hayupo. Mwanawe, daktari Wells Thoms, alikuja 1939 akaendesha hospitali ya Matrah mpaka 1970. Wauguzi wake aliwafundisha kazini, mmoja mmoja.

Alipotawala Sultan Qaboos tarehe 23 Julai 1970, ujenzi ulianza kwa kasi. Hospitali ya Khoula ilifunguliwa 1974, Hospitali ya Royal 1987, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos 1990. Katika hospitali za namna hiyo oksijeni haibebwi tena kwa mitungi hadi kila kitanda. Inakaa nje ndani ya tangi kubwa ikiwa maji, kwenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, inageuka gesi, inapita kwenye mabomba ya shaba na kutokea ukutani. Lita moja ya maji hayo inatoa gesi zaidi ya lita 800. Hayo ni mambo ya wahandisi, na fedha ikiwapo yanafanyika.

Wauguzi hawajengwi kwa miezi 18 kama jengo. Oman iliajiri kutoka India, hasa Kerala, na kutoka Ufilipino na kwingineko. Na miongoni mwa jamaa zetu waliorudi kutoka Zanzibar na Bara miaka ile walikuwamo wauguzi na wakunga waliosoma kwa Kiingereza, ambao walishika wodi mara tu walipofika. Baadaye Waomani wenyewe walisomeshwa kwa wingi katika vyuo vya Wizara ya Afya. Hii ni sehemu ya historia ya jamii yetu ambayo haijaandikwa inavyostahili, na nawaomba walioishi wakati huo waandike kabla hawajasahau.

Kwa nini lugha ina uzito katika habari ya oksijeni? Kwa sababu mashine inapima damu, haipimi mateso. Bibi wa Kizanzibari husema "pumzi hazishuki", au "kifua kimenibana", au "moyo unakwenda mbio". Muuguzi wa Kerala atasikia sauti tu. Hata neno dhiki, ambalo kwetu ni shida ya maisha, limetoka katika Kiarabu ambako dhiq ya nafasi ni kubanwa na pumzi hasa. Bibi akisema ana dhiki, Mwomani anaweza kuelewa pumzi wakati yeye anasema habari ya mambo yake ya nyumbani. Muuguzi aliyelijua hilo aliokoa watu, na hakuna mahali lilipoandikwa katika hesabu za hospitali.

Mtihani mkubwa ulikuja na korona. Wagonjwa wa kwanza wa Oman walitangazwa tarehe 24 Februari 2020. Oktoba mwaka huo ilifunguliwa hospitali ya muda katika jengo la zamani la uwanja wa ndege wa Maskati, mahali ambapo wengi wetu tulitua mara ya kwanza. Wimbi kali zaidi lilikuwa la miezi ya Juni na Julai 2021, na kabla maradhi hayajatulia nchi ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 4,000. Nyumbani nako habari zilikuwa za majonzi. Tarehe 17 Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki katika Hospitali ya Muhimbili, baada ya chama chake kutangaza kuwa ameambukizwa.

Hesabu kidogo itaonyesha wauguzi walibeba mzigo gani. Mtungi mkubwa wa hospitali una lita 6,800 hivi. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa saa 22 na dakika 40. Akipandishwa lita 15 utadumu saa 7 na nusu. Akiwekwa kwenye mashine inayosukuma lita 60 kwa dakika, saa mbili haziishi. Pasipokuwa na tangi na mabomba, muuguzi mmoja mwenye wagonjwa sita anakuwa anakimbizana na mitungi usiku kucha, na wakati huohuo anatakiwa awageuze wagonjwa walale kifudifudi, awasafishe vinywa vilivyokauka, na atazame ngozi nyuma ya masikio na juu ya pua isichubuliwe na mipira.

Wakati huohuo ilidhihirika kuwa hata kipimo cha kidoleni kina kasoro inayotuhusu sisi. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walichapisha kuwa pale kipimo kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, yaani hali ya kuridhisha, kwa wagonjwa weusi karibu 12 katika kila 100 walikuwa kwa kweli na oksijeni ya chini sana katika damu, ilhali kwa wazungu walikuwa chini ya 4. Mwanga unaopita kwenye ngozi nyeusi unasomwa vingine. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Muuguzi mzuri anahesabu pumzi kwa dakika nzima, anatazama ulimi na fizi badala ya ngozi, anaangalia kama misuli ya shingo inavuta, na anamwuliza mgonjwa swali aone kama anaweza kumaliza sentensi bila kukata.

Haya yote yana faida gani kwetu tulioko majumbani? Nina mambo machache, niliyoyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wauguzi.

Kwanza, kipimo cha oksijeni ni amri ya daktari. Madaktari wa Uingereza walikubaliana mwaka 2008 kuwa wagonjwa wengi walengwe asilimia 94 hadi 98, lakini wenye mapafu mabovu ya miaka mingi walengwe 88 hadi 92. Mwulizeni daktari mgonjwa wenu yuko kundi gani, muandike namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika kwenye mashine. Mzee wa kundi la pili akisoma 90, msiongeze kwa huruma. Akianza kuamka na maumivu ya kichwa, kusinzia mchana au kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali.

Pili, udi. Sisi hatuishi bila chetezo, na mgonjwa ndiye hasa tunayetaka kumfukizia. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila kila kinachowaka kinawaka kwa ukali zaidi ndani yake, na nguo, shuka na nywele hubaki zimeishika kwa muda hata baada ya mashine kuzimwa. Makaa ya chetezo, sigara, jiko na mshumaa vikae mbali, angalau mita tatu, na udi ufukizwe chumba kingine. Moshi wake pia unaumiza mapafu yaleyale tunayoyatibu. Vaselini na mafuta ya nazi yasipakwe puani wala mdomoni. Ombeni krimu isiyo na mafuta kutoka duka la dawa.

Tatu, mashine yenyewe. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, inaipitisha kwenye chembe za madini zinazoshika naitrojeni, na inatoa oksijeni zaidi ya asilimia 90. Vumbi la Maskati ni adui yake, hivyo kichujio kioshwe kila wiki. Isibanwe ukutani wala kufunikwa kitambaa. Umeme ukikatika isaidie kitu gani? Lazima uwepo mtungi wa akiba, na kila mtu nyumbani ajue kuufungua.

Nne, hofu. Kuna watu wengi, hapa na Afrika Mashariki, wanaoamini kuwa akishatiwa oksijeni basi safari imewadia. Wamewaona watu wakifa nayo usoni, kwa kuwa ililetwa imechelewa. Mgonjwa mwenye hofu hiyo ataivua barakoa usiku. Muuguzi anayekaa naye dakika tano kumweleza anafanya tiba kama ile ya kugeuza valvu.

Nimalizie na jambo linalohusu michango yetu. Tangu korona, jamaa wengi wamekuwa wakituma mashine za oksijeni Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa, na ni jambo la kheri. Tume ya jarida la Lancet Global Health iliripoti mwaka 2025 kuwa watu bilioni 5 duniani hawana uhakika wa oksijeni ya tiba iliyo salama na ya bei wanayoiweza. Lakini mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 itaungua ikichomekwa kwenye 230. Iliyokaa stoo kwenye unyevu wa pwani, zile chembe zake huharibika. Na iliyofika salama wodini bila kipimo cha kidoleni wala muuguzi aliyefundishwa itarudia historia niliyoieleza, wengine wazidishiwe na wengine wapunjwe.

Upo mfano mzuri. Katika hospitali 5 za Papua New Guinea walipeleka mashine, wakapeleka na vipimo vya kidoleni, wakawafundisha wauguzi na mafundi. Matokeo yalichapishwa 2008: hatari ya mtoto kufa kwa kichomi ilipungua kwa asilimia 35. Mashine zilikuwa za kawaida, kama hizi tunazonunua sisi.

Basi nashauri kamati zetu za misaada, kila tunapochangia mashine moja, tutenge fungu la kipimo, la kirekebisha umeme, la vichujio vya miaka miwili, na nauli ya muuguzi mmoja wa hapa aende akafundishe kwa Kiswahili kwa wiki mbili. Tunao wauguzi wanaoijua kazi na wanaoijua lugha. Baadhi yao wameshastaafu na wako tayari wakiombwa. Anayetaka kusaidia kuupanga utaratibu huu alete jina lake kwa mhariri, tuanze na hospitali moja.